Bei ya Gari la Mbio Huku Mpakani

Kazi iliyonilisha sehemu kubwa ya umri wangu ni uwakala wa forodha, na mahali nilipoifanyia ni Lunga Lunga, mji mdogo wa Kwale ambao barabara itokayo Likoni huufikia ikisha kuziacha nyuma Ukunda, Msambweni na Ramisi, kabla ya kuvuka mpaka kuingia Horohoro na kushika njia ya Tanga. Mtu aliyekaa hapo miaka mingi, akishika hati za mizigo asubuhi na jioni, hupata maarifa ambayo mnunuzi wa mjini huchelewa kuyapata, nayo ni kwamba kitu kimoja, kilichotoka kiwanda kimoja, huweza kuwa na bei mbili zilizoachana mbali, ilhali baina ya bei hizo pana mwendo mfupi wa miguu tu. Sikuliona jambo hilo katika sukari wala katika saruji kwa udhahiri kama nilivyoliona katika motokaa. Na katika motokaa zote, halikudhihirika popote kama katika zile ndogo, zilizoinama chini, zenye injini kali, ambazo vijana huziita za spoti na wazee wenzangu huziita balaa.

Mimi si katika wazee hao. Naona kwamba kumlaumu kijana kwa kuitamani motokaa nzuri ni dhuluma, hasa katika nchi hii, ambayo imewalea watu wake kwa mngurumo wa injini tangu mwaka 1953, yalipoanzishwa mashindano ya Safari kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Nilikuwa mtoto wa shule redio ilipotangaza, mwaka 1974, kwamba Joginder Singh, aliyekuwa akiitwa Simba wa Kenya, ameshinda kwa Mitsubishi Lancer. Akarudia mwaka 1976 kwa gari la jina hilo hilo, nasi wavulana wa kijijini, ambao chombo cha moto tulichokijua kwa karibu kilikuwa lori la miwa la Ramisi, tukawa tunabishana juu ya Lancer na Datsun hata usiku ukatukuta barazani. Datsun 240Z ilikuwa imekwisha kujipatia heshima yake kwa ushindi wa mwaka 1971, mikononi mwa Edgar Herrmann, na wa mwaka 1973, mikononi mwa Shekhar Mehta. Baadaye akaja Ian Duncan na Toyota Celica mwaka 1994, na Colin McRae na Subaru Impreza mwaka 1997. Na kabla yao, mwaka 1993, Patrick Njiru alikuwa amewastaajabisha watu kwa kumaliza njia yote na kuongoza daraja lake ndani ya Subaru Vivio, kigari cha injini ndogo ambacho wengi walikidhania hakitaiona jioni ya siku ya kwanza.

Nayataja mashindano hayo kwa sababu yamo ndani ya bei. Chukua Impreza na gari jingine la umri ule ule na nguvu zile zile, ila halikupata kushinda mbele ya macho ya Wakenya, uyaweke yote mawili kando ya barabara pale Ukunda: la kwanza litaulizwa kabla jua halijatua, na la pili litakaa hapo mpaka vumbi lifiche jina lake. Muuzaji wa Subaru analijua hilo, na sehemu ya fedha anazodai ni malipo ya ushindi ambao yeye hakuupata wala mnunuzi hataurithi. Kwa hivyo mwenye kununua kwa akili hana budi kujiuliza, kabla hajataja shilingi, ni kiasi gani anakilipia chuma na ni kiasi gani anakilipia hadithi, maana hadithi haimfai mtu kitu siku beringi za injini zinapoanza kugonga.

Hata hivyo hadithi ni mshiriki mdogo tu. Mwamuzi mkubwa wa bei ni sheria, nayo ndiyo niliyolala nayo na kuamka nayo katika kazi yangu. Kwa mujibu wa kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiitwacho KS 1515:2000, Kenya haipokei gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, wala lile lenye usukani wa kushoto, na hesabu ya miaka hiyo hufungwa kila tarehe 31 Disemba, hata ulipoingia mwaka 2026 mlango ulibaki wazi kwa magari ya mwaka 2019 na ya baada yake tu. Gari likisha kupita mlango huo hukutana na KRA, mamlaka ya mapato, ambayo haishughulishwi sana na risiti ya mnunuzi, bali huitazama orodha yake yenyewe ya bei za magari mapya, ikazipunguza kwa kadiri ya umri wa gari, na katika kupunguza huko ikapata thamani ya forodha. Mtu aliyeokota gari kwa bei ya kutupa katika mnada wa Japani huwa ameokoa fedha za kule Japani. Kodi ya Kenya iko pale pale. Juu ya kila shilingi 100 za thamani hiyo huwekwa ushuru wa forodha wa shilingi 35, ambao kabla ya mwaka 2023 ulikuwa 25. Juu ya jumla yake huwekwa ushuru wa bidhaa wa 25 kwa mia ikiwa injini imezidi lita 1.5, juu ya jumla mpya huja VAT ya 16 kwa mia, na pembeni husimama ada ya tamko la uagizaji, 2.5 kwa mia, na tozo ya maendeleo ya reli, 2 kwa mia. Ukikaa na kalamu utaona kwamba zile shilingi 100 zimezaa kodi ya shilingi 100 na senti 25. Nissan Fairlady Z ya lita 3.7, kwa kuwa injini za petroli zilizozidi lita 3 hutozwa ushuru wa bidhaa wa 35 kwa mia, huzaa karibu 116. Kwa maneno mengine, anayeagiza gari la mbio huyanunua mawili, moja analiendesha yeye na la pili anaiachia serikali, na mimi niliyekuwa nikizijaza hati hizo kwa mkono wangu sikuwahi kumwona mteja aliyeizoea hesabu hiyo mara ya kwanza.

Yatokanayo na sheria hii ni mageni kidogo kwa mtu aliyezoea kuamini kwamba gari hushuka bei kila mwaka. Toyota Altezza iliacha kutengenezwa mwaka 2005, basi tangu mwaka 2013 hakuna iliyoweza kupita bandari ya Mombasa kwa haki. Mazda RX-8 ilikoma mwaka 2012, nayo mlango umekwisha kufungwa nyuma yake. Impreza za miaka ya tisini, zile hasa zilizofanana na ya McRae, zilifungiwa zamani. Zilizomo nchini ndizo hizo hizo, haziongezeki, na kila moja inayogongwa barabarani au kuozea nyuma ya gereji inazipunguza. Lililo zima, lenye giaboksi ya mkono, lisilokatwakatwa na mafundi wa majaribio, limeacha kushuka bei na aghalabu limeanza kupanda. Lililochakaa linashuka hadi bei ya spea zake na kusimama hapo. Baina ya bei hizo mbili hakuna wastani wenye maana, na yule anayeuliza, "Impreza ni pesa ngapi siku hizi?" ameuliza swali lisilo na jibu.

Mpwa wangu alikuwa muulizaji wa namna hiyo. Ni mtoto wa dada yangu, na sisi Wadigo tunajua kwamba mtoto wa dada akija na haja yake, mjomba hana pa kujificha. Alinijia wakati wa kaskazi, simu mkononi, uso umemng'aa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mjomba, iko Altezza Tanga. Nyekundu. Gia sita za mkono. Bei yake hata nusu ya za huku haifiki."

Nilimwambia akae kwanza anywe maji. Kisha, kwa kuwa ushauri wa mdomo haumtoshi kijana aliyekwisha kupenda, tukavuka Horohoro tukaenda Tanga kuiona kwa macho yetu. Nami nakiri kwamba ilikuwa nzuri: rangi ilikuwa yake ya asili, viti havikuchanika, na zile saa tatu ndogo zilizopangwa ndani ya saa kubwa ya mwendo, ambazo watengenezaji walizibuni kwa mfano wa saa ya mkononi, zilikuwa zikifanya kazi zote. Dalali, mtu mcheshi mwenye kofia ya kufuma, alitupa kadi ya gari tukaisoma, na jina lililokuwamo lilikuwa la mwenye gari kweli. Hakukuwa na hila hata moja. Gari lilikuwa rahisi kwa sababu Tanzania haikatazi gari kwa umri wake. Hulitoza tu ushuru wa ziada kwa uchakavu, basi magari ya zamani yameendelea kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam ilhali Mombasa yamezuiwa, na palipo na vingi bei hulegea.

"Basi mjomba," akasema mpwa wangu tulipokaa kando kunywa chai, "si tuichukue tuilipie ushuru pale pale kwako?"

"Ushuru ungekuwa ndio shida, ningekwambia uza ng'ombe. Shida ni kwamba haukubaliwi. Hii ni ya mwaka 2001. Kwa Kenya ni gari linaloingia kutoka nje, sawasawa na lililoshuka melini."

"Na nikiitumia na namba zake za Tanzania?"

"Utapewa kibali cha muda, utakata bima ya kadi ya manjano, na kibali kikiisha utairudisha ilikotoka. Siku utakapochelewa, gari litashikwa, na ukishindwa kulikomboa litapigwa mnada mbele ya macho yako."

Dalali, ambaye masikio yake yalikuwa karibu kuliko tulivyodhani, akaingilia kwa upole: "Mzee, wengi wanavuka nazo hizi."

"Najua," nikamjibu. "Na wengi nimewaona wakirudi kwa miguu."

Alicheka, nasi tukacheka, tukaachana kwa wema. Nilimheshimu kwa sababu hakuficha kitu. Lakini tangu siku hiyo sikuacha kumweleza kila kijana anayeufikia mpaka huo na ndoto zake kwamba Altezza ya Tanga ni rahisi kwa mtu wa Tanga. Kwa mtu wa Lunga Lunga bei yake haipo, kwa kuwa hakuna idadi ya fedha inayoweza kuipatia namba ya Kenya.

Tulirudi, basi, kutafuta upande wetu, na upande wetu soko la magari hayo liko Diani na Ukunda, ambako wageni huja na fedha na kuondoka na madeni, na ambako gari la mbio halikosekani kusimama chini ya mwarobaini na karatasi kiooni. Impreza ya kwanza tuliyoitazama iliombewa shilingi 950,000, na sifa zake zilitangulia kwa simu: iliendeshwa na mama mmoja tu, kwenda kanisani na kurudi. Katika maisha yangu nimesikia juu ya mama huyo mara nyingi mno, na lau kweli yuko, basi magari yake yangelijaza meli nzima.

Tuliafikiana tuione asubuhi, nami nikamwambia mpwa wangu tufike mapema kuliko ahadi, mara baada ya sala ya alfajiri. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kujibu salamu zote, ni kuweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa na vuguvugu. Injini ya Subaru yenye turbo, ikiamshwa baridi, husema kweli yake katika dakika za mwanzo: kugonga kwa pistoni zilizolegea, moshi wa buluu wa oili inayopenya pasipostahili, mkwaruzo wa mkanda uliochakaa; ikisha kupata moto hunyamaza, na mwenye kuiamsha kabla ya mnunuzi hajafika ana jambo anaogopa lisikike. Hatukugombana. Tulisema tutakunywa chai, tukakaa mgahawani ng'ambo ya barabara na mahamri na mbaazi mbele yetu, mahali tunapoliona gari, mpaka likapoa kabisa, huku broka aliyekuwa akiliuza akitutazama kwa jicho la mtu ambaye siku yake imeharibika. Lilipoamshwa tena lilitoa moshi, si mwingi, lakini wa rangi ile ile niliyoingojea.

Baada ya hapo mengine yalikuwa kama kusoma barua iliyokwisha kufunguliwa. Boliti zinazoshika ubawa wa mbele wa kushoto zilikuwa na rangi iliyopasuka pembeni, dalili kwamba spana ilipita hapo baada ya gari kutoka kiwandani. Mwanya baina ya boneti na taa ulikuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Na nilipogonga ubavu kwa kidole, mlio wa bati ukageuka kuwa mlio mzito wa puti. Matairi mawili yalikuwa mapya na mawili yamekwisha kuwa laini, jambo ambalo katika gari la kawaida ni ubahili tu, lakini katika gari linalosukuma magurudumu yote manne ni kuitesa difu ya kati, kwa sababu magurudumu yasiyolingana duara huilazimisha kufanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka. Kisha nikainama kutazama chini. Wanaokuja Diani kwa likizo hawajui chumvi ya bahari hufanya nini kwa gari linalolala miaka mingi karibu na pwani. Sisi tunajua, na pale chini, kwenye maungio na mabomba ya breki, kutu ilikuwa imeota magamba.

Nilimwomba yule broka namba ya usajili, mpwa wangu akafanya upekuzi wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa simu yake pale pale, na majibu yalipokuja yalionyesha kwamba logibuku ilikuwa na majina mawili, la mtu na la mkopeshaji. Deni lilikuwa bado halijalipwa. Broka akashusha bei hadi 850,000, hatukusema neno, akashusha hadi 700,000. Bei inayoporomoka kwa kasi hiyo bila mnunuzi kufungua kinywa imekwisha kueleza habari zote za gari. Tulimshukuru, tukaenda zetu.

Kabla sijafika kwenye gari tulilolinunua, nataka kusema neno juu ya RX-8, kwa sababu hilo ndilo gari ambalo bei yake huwahadaa watu wenye akili timamu. Kijana mmoja wa Msambweni alipata moja, nyeusi, milango yake ya nyuma ikifunguka kinyumenyume kama kabati la bibi harusi, kwa fedha ambazo hazingemnunulia Vitz nzuri, akapita akiwaonyesha watu bahati yake. Gari hilo halina pistoni. Injini yake ya lita 1.3 ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, na kwenye kila ncha ya pembe pana kizibo chembamba cha chuma ambacho kazi yake ni kuuzuia mkandamizo usivuje. Vizibo hivyo hulainishwa kwa oili ambayo injini huichoma kwa makusudi, kwa maumbile yake, basi dereva asiyetazama kijiti cha oili kila anapojaza petroli huvila mwenyewe pasi na kujua. Zaidi ya hayo, ukiiamsha ikiwa baridi na kuizima mara moja, petroli hujaa ndani na huenda isiwake tena. Kipimo cha pekee kinachofaa kabla ya kuinunua ni kipimo cha mkandamizo, kwa chombo kinachosoma kila uso wa rota peke yake, na hicho hukikuti kwa kila fundi wa pwani. Kijana hakukitafuta. Gari lake sasa linalala chini ya mwembe, na urahisi wake ulikuwa umeandikwa tangu mwanzo katika injini, kwa mtu ajuaye pa kutazama.

Gari letu tulilipata mwezi wa Januari, na mwezi huo haukuwa wa sadfa. Mwenye kununua kwa fedha taslimu Kenya hana msimu bora kuliko wiki za mwanzo za mwaka, wakati sherehe za Disemba zimekwisha kumaliza akiba na ada za shule zimesimama mlangoni. Wauzaji huwa wengi, wanunuzi hujificha. Kwa upande wetu wa kusini palikuwa na sababu nyingine mwaka huo, nayo ni kwamba mgodi wa Base Titanium ulikuwa umekoma kuchimba mwishoni mwa mwaka 2024, na baadhi ya mafundi wake, watu waliokuwa na mshahara wa kutegemewa na mapenzi ya mashine, walikuwa wanapanga upya maisha yao. Mmoja wao alikuwa na Impreza WRX ya mwaka 2006, namba za KB, rangi ya buluu.

Huyu hakutupigia sifa. Alitoa daftari la shule, la mistari, lenye jalada lililochafuka kwa oili, ambamo alikuwa ameandika kwa mkono wake kila oili aliyobadilisha, kila plagi, kila kichujio, na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Nami nililipitia ukurasa kwa ukurasa nikaona kwamba kilomita hazikurudi nyuma hata mara moja na kwamba kalamu zilibadilika kwa miaka, jambo ambalo mtu anayeghushi daftari usiku mmoja husahau. Injini ilikuwa baridi. Ilipoamka ilinguruma ile sauti yake ya mapigo yasiyolingana, ambayo hutokana na mabomba ya moshi yenye urefu tofauti, bila moshi na bila kugonga. Turbo ilikuwa ya kiwandani, na shoki pia, na hilo kwangu lilikuwa na thamani kuliko rangi, kwa kuwa gari la mbio lililoongezwa nguvu na fundi wa mtaani limekwisha kukopa umri wake wa baadaye, na mnunuzi wa pili ndiye anayelipa.

Aliomba 850,000. Mpwa wangu, ambaye alikuwa amejifunza Diani kutafuta ila, akaanza kutaja mkwaruzo wa bampa kwa sauti kubwa, nami nikamkanyaga mguu. Palikuwa na watoto wa yule bwana uani, na walikuwa wakilitazama gari la baba yao likichambuliwa. Mtu anayeuza kitu anachokipenda kwa kulazimika hapunguzi bei kwa kutukanwa, huifunga. Nilimuuliza tu habari za mkanda wa taimingi. Akafungua daftari, akatafuta, akanionyesha mwenyewe kwamba kilomita 100,000 za mkanda huo zilikuwa zimekaribia kutimia, na kwamba hajaubadilisha. Injini hiyo mkanda wake ukikatika, pistoni na valvu hukutana na gharama yake haisemeki. Tukapiga hesabu pamoja, mkanda, pampu ya maji, vidhibiti vyake na kazi ya fundi, tukaiondoa katika bei kwa ridhaa yake, na kwa heshima akapunguza kidogo zaidi kwa ajili ya matairi. Tuliafikiana 760,000. Upekuzi ulionyesha jina lake peke yake. Fedha zilipita benki, yeye akaanzisha uhamisho katika mtandao wa NTSA na mpwa wangu akaupokea, na hatukuondoka uani mpaka hilo lilipokamilika, ingawa chai ilikuwa imeletwa na mwenyeji alikuwa akisema tusiwe na wasiwasi. Sikuwa na wasiwasi naye. Nina wasiwasi na ajali, mauti na kesi za mirathi, ambazo hazimngoji mtu kumaliza chai.

Bei ya kununua ni mlango tu, na aliyetoa shilingi yake ya mwisho mlangoni hataiona sebule. Nilimlazimisha mpwa wangu abaki na fedha za kufanya mkanda wiki ile ile, na alipokwenda kutafuta bima aligundua kwamba si kila kampuni inalitaka gari la umri huo kwa bima kubwa, hasa la jina hilo, ambalo wakadiriaji wa bima huliogopa kwa tabia za wanaoliendesha. Ikabidi lipimwe thamani na gharama yake iingie katika hesabu. Petroli nayo: anayetoka Lunga Lunga kwenda Likoni kwa mguu mwepesi hutumia kiasi cha haki, lakini anayetaka kusikia turbo ikipiga mbinja kila anapopita lori la miwa atasikia pia mfuko wake. Na matuta ya barabara yetu, ambayo wenye mamlaka wameyapanda kila penye soko, shule na msikiti, hayakujengwa kwa kufikiri juu ya magari yaliyoinama. Mpwa wangu huyapita kwa mshazari, gurudumu moja moja, na abiria wa matatu iliyo nyuma yake hupiga kelele. Nafurahi kwamba hakulishusha chini zaidi, kama marafiki zake walivyomshauri.

Wapo watakaosema heri kuagiza moja kwa moja kutoka Japani kuliko kuhangaika na magari ya ndani. Kwa mwenye uwezo wa kodi niliyoieleza, sina la kupinga, ila akumbuke kwamba kila gari linalopita mnadani kule lina karatasi yake, yenye alama ya jumla juu na ramani ya gari chini, na karatasi hiyo ndiyo anayoinunua kabla ya gari. Alama 4 au 4.5 ni nzuri. Herufi R ina maana kwamba mwili ulipata ajali ukatengenezwa. Katika ramani, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, S ni kutu. Wakala anayekutumia picha ishirini zinazong'aa na kukuambia karatasi ya mnada imepotea, mwache na picha zake. Vilevile cheti cha kusafirishia gari nje, kinachotolewa Japani, huonyesha kilomita zilizosomwa katika ukaguzi rasmi wa kule; zilinganishe na zile unazoziona likifika Mombasa, kabla hujalipa fungu la mwisho.

Na kwa yule anayeitaka Subaru WRX STI yenye injini ya EJ20, ambayo niliona vijana wengi wakiiulizia, hesabu yake ni hii. Kiwanda kilihitimisha injini hiyo kwa toleo la mwisho la magari 555, na magari ya Japani ya namna hiyo yalikoma kuuzwa mapya mwanzoni mwa mwaka 2020. Lililosajiliwa mwaka 2019 lazima liwe limefika Kenya kabla ya mwisho wa Disemba 2026, na lililosajiliwa mwaka 2020 kabla ya mwisho wa Disemba 2027. Baada ya tarehe hiyo zitabaki zilizomo nchini tu, na bei itatajwa na wenye nazo.